Chumba Ambacho Mama Haingii

Ijumaa, tarehe 8 Mei, 1964. Mvua ilinyesha usiku kucha juu ya Suna na kukoma jogoo walipoanza kuwika. Kulipopambazuka ukungu ulikuwa umekalia mto Migori, barabara ya madukani ilikuwa tope tupu, na mbali upande wa Ziwa mawingu mengine yalikuwa yakijikusanya, meusi, yasiyo na haraka.

Mama mzee Nyanchoka alitoka jikoni alikokuwa akilala, akasimama uani na shuka lake begani, akainua uso. "Bwana," akasema kwa sauti, kama mtu anayeongea na jirani ng'ambo ya ua, "yazuie maji yako mpaka jioni. Baada ya hapo mwaga upendavyo."

Alikuwa na sababu. Jioni ile mjukuu wake angelala nyumbani, au angerudishwa Homa Bay.

Mtoto alizaliwa kabla ya miezi yake kutimia, katika hospitali ya misheni kule Homa Bay, mdogo kiasi kwamba baba yake, Fanuel, alipomwona mara ya kwanza aliogopa kumshika. Sasa alikuwa amenenepa kidogo, lakini kifua chake bado kilikuwa kikikoroma. Kila Ijumaa gari la hospitali lilikuja Suna kwa kliniki, na nesi aliahidi kuwaleta mama na mtoto kwa gari hilo hilo. Ila alitoa sharti moja. Angeingia mwenyewe chumbani ambamo mtoto angelala. Akikuta vumbi, masizi au wadudu, angegeuza gari na kurudi nao wote wawili.

Nesi hakusema hivyo kwa ukali. Alikuwa amesoma katika karatasi za hospitali kwamba mwaka uliopita Mellen, mke wa Fanuel, alizaa mtoto wa kiume mzima kabisa, na kwamba mtoto yule alikufa kwa kifua katika chumba hicho hicho kabla hajaota jino.

Nyanchoka angekisafisha chumba hicho kwa ulimi wake kama ingebidi. Lakini hakuweza kuingia. Mama wa Kigusii haingii chumba cha kulala cha mwanawe aliyeoa, wala hakitazami kitanda chake. Hiyo ndiyo chinsoni, heshima ya kuoneana soni, na Nyanchoka aliishika kama alivyoishika Sabato, ambayo huingia Ijumaa jua likizama. Aliingia nyumba ya Fanuel mpaka kwenye pazia la mlango wa ndani. Ng'ambo ya pazia hakuwahi kuona.

Wala si yeye peke yake. Wanawake wa kanisani walijitolea, Mungu awabariki, lakini Fanuel alipowahesabu wote walikuwa mama zake: huyu ameolewa na baba mdogo, yule ni mke wa binamu ya baba, na Zilpah, jirani wa karibu kuliko wote, alimwita Fanuel "mwanangu" tangu siku kijana huyo alipohamia Suna na gunia lake la kwanza la chumvi ya kuuza. Mikono ya bure yote ilikuwa mikono ya mama. Ndipo Fanuel, kabla hajaondoka kwenda Homa Bay kumchukua mkewe, alipofanya jambo ambalo hakuna mtu wa ukoo wao aliyewahi kulifanya. Aliajiri wanawake waje kuosha nyumba yake kwa ujira.

"Kuosha nyumba kwa pesa," Nyanchoka alimwambia siku ile. "Watu watasema mke wa mwanangu hana mikono."

"Mama, watu wakisema tutawasikia. Mtoto akikoroma tena nitafanya nini?"

Nyanchoka alikubali. Lakini maneno yale yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Wanawake hao wa ujira walifika ukungu ukiwa haujaondoka, wawili, viatu vimening'inizwa shingoni kwa sababu ya tope. Mbele alikuwa Gesare, mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye kitambaa cheupe kichwani kilichofuliwa mpaka kikawa laini. Nyuma yake Filister, Mjaluo wa Rusinga, mnene, mwenye sauti ya kuita mashua kutoka ufuoni. Walibeba ndoo, burashi za kusugulia, mche wa sabuni uliofungwa katika jani la mgomba, na vifagio virefu vya kufikia darini.

"Hodi hapa! Mama, tumekuja kwa kazi," Gesare alisema kwa Kiswahili, kwa adabu, akiinama kidogo.

"Kazi iko," Nyanchoka akajibu. Hakuwaambia karibu.

Ng'ambo ya ua, Zilpah alikuwa anapanga ndizi zake kwa ajili ya soko. Aliinuka, akaweka mikono kiunoni. "Mong'ina," aliita kwa jina la heshima, lakini sauti yenyewe haikuwa na heshima nyingi, "leo mmeleta watumishi? Basi mniite chai ikiletwa kwa sahani."

"Uza ndizi zako, Zilpah."

"Nauza. Nauliza tu. Nikiwa mgonjwa mimi nitaweka mtu wa kunipigia mswaki."

Filister alicheka kabla ya mtu mwingine yeyote. "Mama wa ndizi, hiyo kazi pia tunafanya! Lakini meno tunahesabu moja moja, na wewe naona unayo mengi. Utalipa sana!"

Zilpah naye akashindwa kujizuia, akacheka, akarudi kwa ndizi zake. Nyanchoka hakucheka. Aliona aibu, na aliona pia kwamba yule mgeni ameiondoa nusu ya aibu hiyo kwa sentensi moja.

Walianza na sebule. Walitoa nje meza, viti, magunia ya chumvi ya Fanuel na mapipa ya mafuta ya taa. Gesare alifunga kitambaa puani na kufagia dari kutoka pembe moja kwenda nyingine bila kuruka hata ubao mmoja. Masizi yalianguka kama manyoya ya kuku mweusi. Filister alifuata nyuma yake kwa tambara lenye maji. Hawakuongea sana walipokuwa wakifanya kazi, lakini walikuwa na mtindo wao: Gesare akigonga ukuta kwa mpini, Filister anajua kwamba upande ule umekwisha.

Nyanchoka alikuwa ameketi kizingitini kama askari, akingoja kuona kosa. Alingoja sana. Aliona Gesare akiinua picha ya harusi ya Fanuel na Mellen kwa vidole viwili, akiifuta kioo, akiirudisha pale pale, kisha akisimama nyuma kuhakikisha haijapinda. Aliona akipiga magoti na kuchokoa uchafu kutoka katika ufa wa mlango kwa kijiti, ufa ambao Nyanchoka mwenyewe aliupita kila siku bila kujua kwamba una uchafu. Bila mtu kumwambia, moyo wake ukaanza kulegea.

"Ulijifunza wapi?" aliuliza hatimaye.

"Migodini, Mama. Mume wangu alikuwa akichimba, mimi nikawa naosha nyumba za mameneja. Alipofariki sikujua kazi nyingine. Nikamwambia Filister: nyumba za Wazungu tuliziosha, kwa nini tusioshe nyumba za watu wetu? Kwa bei ambayo mtu wetu anaiweza."

"Na wanalipa?"

"Wengine wanalipa kwa kuku," Filister alidakia. "Wengine kwa mahindi. Fundi mmoja wa cherehani alitulipa kwa kunishonea hii gauni. Tazama, Mama, mkono mmoja mrefu, mmoja mfupi! Donge?" aliuliza kwa Kijaluo. "Si ndivyo?"

Alinyoosha mikono, na kweli mmoja ulikuwa mrefu. Sasa Nyanchoka alicheka, akajifunika mdomo.

"Leo tutapata pesa yenyewe," Gesare alisema kwa upole, akikamua tambara. "Namshukuru Mungu. Nyumbani unga umekwisha tangu jana, na watoto wanaijua Sabato kwa harufu ya chakula kinachopikwa Ijumaa."

Basi aliposikia neno Sabato, Nyanchoka alifanya kile ambacho kila Mgusii mzee hufanya akifurahishwa na mtu. Alihama Kiswahili, akaanza kumuuliza nasaba kwa Kigusii.

"Kumbe wewe ni mtu wetu. Umezaliwa wapi?"

"Bobasi."

"Na umeolewa wapi?"

"Mugirango."

"Mugirango! Sisi pia. Kwa nani?"

"Marehemu alikuwa Mayaka. Mayaka wa Ogeto."

"Ogeto yupi? Yule wa mlimani, au yule aliyekatika kidole?"

"Mume wangu aliniambia baba yake alikatika kidole, akivunja kuni."

Nyanchoka aliruka kutoka kizingitini kama msichana. "Mayaka!" alipiga kelele. "Mayaka aliyepotelea migodini! Ogeto na baba yake mume wangu ni ndugu, tumbo moja! Tulimlilia Mayaka tukidhani ameenda Tanganyika akafa peke yake, kumbe alioa! Kumbe aliacha watu! Wewe ni mke mwenzangu wa ukoo! Watoto wako ni…"

Neno likakatika. Mkono wake ulikuwa umeshainuliwa kumkumbatia Gesare, ukabaki hewani.

Kwa maana Mayaka alikuwa binamu ya mume wake marehemu, Nyarangi. Na mke wa Mayaka alikuwa mama ya Fanuel, kama Nyanchoka alivyokuwa mama yake, bila tofauti hata ya ukucha.

Gesare naye alifika pale pale kwa wakati ule ule. Alikuwa amesimama karibu na pazia la mlango wa ndani, ndoo mkononi. Alitazama pazia. Akarudi nyuma taratibu, kama mtu aliyeona nyoka njiani, mpaka mgongo wake ukagusa ukuta wa upande wa pili.

"Nini?" Filister aliuliza kwa Kiswahili. "Kuna nini? Mmekufa?"

"Mwenye nyumba ni mwanangu," Gesare alisema. "Siwezi kuingia chumbani mwake."

"Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi."

Filister aliweka ndoo chini. Wajaluo nao wana heshima zao za wakwe na vitanda, hakuhitaji kuelezwa sana. Lakini alitazama jua kupitia mlangoni, akatazama mawingu, akashika kichwa. "Nyasaye, Mungu wangu! Dada, kwa nini ulijibu? Mama mzee akikuuliza umeolewa wapi, unasema Mombasa! Unasema Uganda! Kazi ikiisha ndio unakuwa ndugu!"

Hakuna aliyecheka. Nyanchoka aliketi chini mahali alipokuwa amesimama, juu ya sakafu iliyofagiliwa.

Ni mdomo wake. Kama angeketi kimya na kutazama kazi ikifanyika, wanawake wale wawili wangeingia, wangetoa kila kitu, wangesugua na kusiriba, na nesi angekuta chumba kama yai. Mungu alimletea mgeni, na yeye kwa maswali yake akamgeuza mgeni kuwa mama. Alifikiri juu ya gari likigeuzwa barabarani, na uso wa Mellen dirishani.

"Gesare," alisema kwa sauti ndogo, "hakuna aliyesikia ila sisi. Zilpah ameenda sokoni."

Alipoyasema aliona haya, lakini aliyasema.

Gesare aliweka ndoo chini. Kisha akaja, akachuchumaa mbele ya Nyanchoka, akashika magoti yake kwa mikono yenye sabuni. "Mong'ina, nikiingia nikijua, mtoto akiugua usiku, mimi na wewe tutafikiri nini? Hata kama ni kifua tu. Hata kama si chochote. Tutafikiri nini maisha yetu yote?"

Nyanchoka alifumba macho. Lilikuwa jibu ambalo yeye ndiye alipaswa kulitoa, naye alilipokea kutoka kwa mwanamke aliyekuja na ndoo.

"Basi tuombe," alisema.

Waliomba hapo hapo, Gesare na Nyanchoka wamepiga magoti, Filister amesimama ameinamisha kichwa, kwa kuwa yeye alikuwa Mkatoliki na alizoea sala fupi. Sala ya Nyanchoka ilikuwa ndefu. Iliwataja mtoto, Mellen, nesi, dereva wa gari, mawingu, hata Zilpah. Ilipofika kwa Zilpah, Filister alisema "Amina" kwa nguvu, akaikata.

"Mungu amesikia, Mama. Sasa na sisi tufanye. Mimi ni mgeni bado, donge? Mjaluo wa Rusinga hawezi kuwa mama wa Fanuel hata mkiuliza mpaka kesho. Naingia peke yangu. Lakini hicho chumba ni kazi ya watu wawili, kwa hiyo nje mtakuwa wawili, na mtafanya ninachosema. Wewe, Mama mzee, unaweza kukanyaga udongo?"

Tangu alipofiwa na mumewe hakuna mtu aliyewahi kumwamuru Nyanchoka. Aliinuka, akapandisha gauni, akafunga shuka kiunoni. "Udongo niliukanyaga kabla mama yako hajazaliwa," alisema.

Filister aliingia nyuma ya pazia, na sauti yake ikaanza kutoka.

"Masizi! Aa, hapa walikuwa wakiota moto wakati wa mvua. Kunguni wako kwenye mbao! Na chini ya kitanda… ngojeni… kuna mtu hapa!"

Alitoka na kuku aliyekuwa akiatamia, kuku mwekundu mwenye hasira, akamtia Nyanchoka mikononi pamoja na kikapu cha mayai. Nyanchoka alimtazama kuku yule. Mellen alikuwa mgonjwa karibu mimba nzima, na Fanuel alikuwa akikesha dukani na kuamka mapema kwenda sokoni. Hakuna aliyekuwa mvivu katika nyumba ile. Lakini ndivyo chumba kinavyokuwa pale mwenye kukitunza anapolala humo akiwa mgonjwa na wale wanaompenda hawaruhusiwi kuvuka mlango.

Chumba kilikuwa na dirisha dogo upande wa nyuma. Filister alilifungua kwa ndani, na Gesare akaenda kusimama nje yake. Alisimama ameipa nyumba mgongo, uso ukitazama migomba, na ndivyo alivyofanya kazi saa zote zilizofuata. Nyanchoka alichemsha maji jikoni na kumletea. Gesare aliinua debe juu ya bega lake na kulipitisha nyuma bila kugeuka, na mikono ya Filister ikalipokea kutoka ndani. Madebe matupu yalirudi kwa njia hiyo hiyo.

Filister alifungua kitanda ubao kwa ubao, akamwagia kila ubao maji ya moto, akasugua kila tundu la msumari. Na Gesare, macho yakiwa kwenye migomba, alisikiliza.

"Filister! Ukuta wa kushoto, juu, hujafika."

"Unaonaje wewe?"

"Sioni. Burashi ikipita penye masizi inanong'ona. Ikipita penye usafi inalia. Huko bado inanong'ona."

Kisha burashi ikasikika tena, na baada ya muda ikalia. "Sawa," alisema Gesare. Ndani Filister alikuwa akilalamika kwa Kijaluo, lakini alilalamika akisugua.

Nyanchoka alisimama na debe lake tupu na kumtazama yule mwanamke mwembamba aliyesimama kama nguzo, akisafisha kwa masikio chumba ambacho asingekiona kamwe. Alijua sasa kwamba alikuwa amekosea si juu ya mtu mmoja tu. Alidhani mwanamke anayeosha nyumba ya mwingine kwa ujira ameuza kitu cha ndani. Lakini Gesare hakuwa ameuza chochote. Alikuja nacho chote, akakitumia chote, hapo kwenye tope la nyuma ya nyumba ambako hakuna mpita njia wa kumsifu.

Walipomaliza kuta ilikuja zamu ya sakafu. Nyanchoka alikanyaga udongo wa mfinyanzi, samadi mbichi na jivu katika karai kubwa, tope likimfika nusu ya miguu, akiimba wimbo wa kanisani ili miguu ishike mwendo. Zilpah aliporudi kutoka sokoni na kapu tupu alimkuta hivyo.

"Mong'ina! Wewe ndiye umeajiriwa sasa?"

"Nimeajiriwa," Nyanchoka alisema bila kuacha kukanyaga. "Msimamizi wangu yuko ndani, ni mkali. Kama huna kazi, lete maji."

Zilpah alifungua mdomo ili ajibu. Alitazama miguu ya mzee. Kisha akaweka kapu chini, akachukua debe, akashuka mtoni.

Filister alisiriba kuanzia pembe ya mbali akirudi nyuma kwa magoti, viganja vikichora pinde kubwa, mmoja ndani ya mwingine, kama mama zake wa Rusinga walivyomfundisha. Alitokea kwenye pazia kwa miguu kwanza, uso mzima ukiwa na madoa, akalala kifudifudi kwenye sakafu ya sebule akihema. "Nimekufa," alisema. "Mnizike Rusinga, penye upepo."

Sasa ilibaki kukauka. Mawingu yalikuwa yamefika juu ya Suna na kusimama. Walifungua dirisha na mlango ili hewa ipite, wakaketi uani wanawake wanne, wakitazama juu. Tone moja likaanguka juu ya mkono wa Zilpah. Jingine juu ya debe. Kisha upepo ukatoka upande wa Tanganyika, mkavu, ukapiga migomba ikageuka upande, ukapita katika dirisha la chumba cha Fanuel na kutokea mlango wa mbele ukiwa na harufu ya udongo mpya. Mawingu yakasogea kuelekea Awendo.

"Asante," Nyanchoka alimwambia Mungu, kwa ufupi, kama Mkatoliki.

Gari lilichelewa. Maji ya Ziwa yalikuwa yamepanda mwaka ule, yakala ufuo wa Homa Bay, na barabara ya chini ilikuwa haipitiki vizuri. Lilipoingia Suna, jua lilikuwa limeshaanza kushuka. Fanuel alishuka kwanza, kisha nesi, msichana mrefu aitwaye Priscilla, sare yake nyeupe haina hata doa. Mellen alibaki ndani ya gari na mtoto. Nesi alikuwa amemwambia asishuke kwanza.

Hilo ndilo lililomuuma Nyanchoka kuliko yote: mke wa mwanawe akingoja mbele ya nyumba yake mwenyewe kama mgeni asiyejua kama atakaribishwa, na majirani wameanza kukusanyika.

Priscilla aliingia na Filister. Pazia likashuka nyuma yao. Waliokuwa nje walisikia kila kitu: kiatu kikipiga sakafu, mara moja, mara mbili. Godoro likigeuzwa. Kiberiti kikiwashwa. Kiberiti kingine. Nyanchoka alishika mkono wa Gesare, na mkono ule ulikuwa umekunjamana kwa maji.

Nesi alitoka akitazama ncha ya kidole chake. "Pembe moja bado ina unyevu kidogo," alisema. "Kitanda kisogezwe upande wa dirisha mpaka kesho." Kisha uso wake ukafunguka. "Nimeingia nyumba nyingi. Hata kwetu wodini kuna pembe ambazo si safi kama hii. Nani amefanya?"

"Sisi watatu," Filister alisema. "Mimi nilikuwa na macho tu. Hawa walikuwa na kila kitu kingine."

Priscilla aligeuka kuelekea gari na kumpungia Mellen mkono. "Mama, shuka. Mlete mtoto kwake."

Mellen alishuka polepole, kitoto kimefungwa ndani ya blanketi la manjano. Alipofika kwa Nyanchoka alisimama, akafunua uso wa mtoto. Mtoto alipiga chafya. Wanawake wote uani wakavuta pumzi, wakangoja. Mtoto akapiga miayo, akalala. Zilpah ndiye aliyeanza kupiga vigelegele, na alivipiga kama aliyekuwa ameviweka kifuani tangu asubuhi.

Katika furaha ile Fanuel alitoa ujira uliokubaliwa. Filister alipokea sehemu yake kwa mikono miwili na kuifunga katika ncha ya leso. Fanuel akamgeukia Gesare. Gesare alirudisha mikono nyuma.

"Hapana, baba. Mama hapokei mshahara kwa mwanawe."

Fanuel hakuelewa. Alimtazama mama yake, na Nyanchoka akamweleza mbele ya wote: Ogeto, kidole kilichokatika, Mayaka aliyeliliwa bila kuzikwa nyumbani. Fanuel alisikiliza mpaka mwisho, kisha akainamisha kichwa mbele ya mwanamke aliyemwajiri, kama mwana anavyomwinamia mama aliyerudi safari. "Basi chukua kama zawadi, mama."

"Leo zawadi ingekuwa mshahara uliovaa nguo nyingine," Gesare alisema. "Siku nyingine utanipa, nikija kama mgeni wako."

"Chukua nusu yangu, basi," Filister alimnong'oneza.

"Wewe una watoto wako."

Alikuwa anaanza kukusanya burashi. Aliziosha moja moja, akazikung'uta, akazipanga ndooni. Alitabasamu. Lakini Nyanchoka alikumbuka unga uliokwisha, na watoto wanaongoja harufu, na jua lilikuwa karibu kugusa miti. Aliwaza jambo hili: huyu amepoteza siku yake kwa sababu ya swali langu, na hakunilaumu hata kwa jicho.

Kwanza aliingia jikoni, akatoka na kikapu cha unga wa wimbi na samaki wa kukaushwa, akakitia juu ya ndoo ya Gesare. "Hiki si cha Fanuel. Ni cha jiko langu. Mke mwenza hakatai chakula cha mke mwenzake, au kwenu Bobasi mnakataa?"

"Hatukatai," Gesare alisema, na macho yake yakajaa maji.

"Jumapili unaenda kuosha wapi?"

"Kwa karani wa baraza, juu kule penye nyumba za mabati."

Nyanchoka alisimama wima katikati ya ua, miguu yake ingali na udongo mkavu mpaka magotini. Hakuinua sauti sana, lakini hata dereva alitoa kichwa dirishani asikie.

"Nesi, sikiliza. Dereva, sikiliza. Zilpah, wewe ndiye usikilize zaidi, maana ndiwe utakayesimulia sokoni. Fanuel, Mellen, na wewe mdogo uliyelala. Sisi Wagusii tuna risaga: leo unalima shamba langu, kesho mimi nalima lako, na hakuna anayemlipa mwenzake. Leo Gesare amelima shamba langu. Jumapili asubuhi nitaenda naye kwa karani. Nitabeba ndoo kichwani, nitapita barabara ya madukani mchana kweupe, na mtu akiniuliza ninakwenda wapi nitamwambia nakwenda kuosha nyumba ya watu kwa ujira, na ujira wa mikono yangu utakuwa wa Gesare. Nimelisema mbele yenu na mbele za Mungu, na Sabato bado haijaingia. Nitakwenda."